Marehemu Fundi Saa wa Mtaa Wetu

Sura ya mtu wa mtaa wetu haijawahi kunipita. Nionyeshe kisogo tu, nitakwambia ni cha nani, anakaa nyumba ipi na amenuniana na nani. Nionyeshe picha ya zamani iliyotafunwa na mende, nitakutajia waliomo kuanzia kushoto kwenda kulia, waliosimama na waliochuchumaa. Ndiyo maana Shangazi aliponiita nimsaidie kwenye Chumba cha Kumbukumbu, sikushangaa. Nilishangaa tu kwamba alichelewa kuniita.

Siku ya kwanza kabisa nilimpelekea Binamu picha tatu. Binamu ni binti wa Shangazi, yuko duka la fotokopi, na kazi yake ilikuwa kutoa nakala ili wenye picha warudishiwe zao zikiwa salama.

"Huyu ni mtu mmoja," nikamwambia. "Hapa kijana, hapa kaoa, hapa kazeeka. Tazama koti. Lilelile, kifungo cha juu hakipo. Tajiri wa mtaa huyu. Kaishi na koti lake kama mume na mke."

Binamu akazipanga juu ya kioo cha mashine. "Wa kwanza masikio yamesimama kama milango ya kabati. Wa pili yamelala. Wa tatu sikio moja lina pengo."

"Watu hubadilika, Binamu."

"Masikio hayahami, wewe."

Tulipomwuliza Shangazi, alicheka mpaka akavua miwani. Kumbe zamani pale kona palikuwa na studio ya picha, na studio ilikuwa na koti moja. Mtu alikuja na fulana yake ya kazini, akavishwa koti, akapigwa picha kuanzia kiunoni kwenda juu. Mgongoni lilikuwa limepasuliwa kutoka kola mpaka chini ili limtoshe mnene na mwembamba, kisha likabanwa kwa vibanio vya kuanikia nguo. Palikuwa na simu pia, ya mezani, isiyo na waya, kwa wale waliotaka kuonekana wana shughuli. Nusu ya wanaume wa mtaa wetu wa zama zile walikuwa matajiri kwa muda wa kupepesa macho mara moja.

Hapo nilipaswa kupata funzo. Sikulipata.

Shangazi ni dada mkubwa wa baba yangu, mwalimu mstaafu, mwanamke ambaye hata kuku wakimwona huacha kuparura wakajipanga mstari. Alikuwa amepita nyumba kwa nyumba akiomba picha na karatasi za kale: tiketi za sinema iliyogeuka karakana, kadi za mialiko ya harusi za watu ambao sasa wana wajukuu, notisi ya zamu za bomba la maji, ramani ya mtaa iliyochorwa kwa penseli wakati barabara kubwa ilikuwa bado kiwanja cha mpira.

"Mtaa unabomolewa tukiutazama," alikuwa akisema. "Nyumba inakuwa ghorofa, ghorofa inakuwa benki. Watoto watadhani sisi tulishuka hapa pamoja na matangazo ya simu."

Manispaa ilikuwa imempa chumba cha nyuma ya ukumbi, lakini kwa majaribio tu, maana chumba hichohicho kilikuwa kinatamaniwa na jirani yetu anayekodisha viti vya plastiki. Tunamwita Mwenye Viti, na si kwa sababu ya uongozi. Jumamosi asubuhi angekuja ofisa kutazama. Akiona kumbukumbu za kweli, chumba ni cha Shangazi moja kwa moja. Akiona ubabaishaji, viti vinaingia, picha zinarudi chini ya vitanda zilikotoka.

Kwa hiyo Shangazi alikuwa na sheria moja, nayo hairuki mtu: kitu kisicho na shahidi hakipandi ukutani. Chini ya kila picha kuna maelezo mafupi, na chini ya maelezo anatajwa shahidi, mtu aliye hai, aliyeona kwa macho yake, aliyeulizwa akajibu.

"Wewe mwandiko wako mzuri," akaniambia. "Utazunguka na picha, utawasikiliza wazee, utaandika walichosema. Si ulichofikiri. Walichosema."

"Shangazi, hiyo si kazi ya kasuku?"

"Basi leo umepanda cheo."

Nikazunguka. Ukitaka kuujua uzito wa subira, mpelekee mzee picha umwulize, "Hapa ni wapi?" Mmoja alinieleza habari za goti lake tangu lilipoanza kuuma. Mwingine aliitazama picha, akatabasamu, akalala. Hata hivyo kazi ilikwenda, na picha nyingi zilipata mashahidi wa haki kabisa. Zikabaki saba zisizo na mwenyewe.

"Ziweke pembeni zisubiri," alisema Shangazi.

Lakini moja ilikuwa tamu mno kusubiri. Wanaume wanne wamebeba kitanda kichwani katikati ya barabara, maji magotini, na mmoja wao amegeuza uso pembeni anacheka kana kwamba maji yanamtekenya. Picha kama ile kuiacha ndani ya boksi ni dhambi. Nikachukua kalamu. "Wakazi wakiokoa kitanda siku ya mafuriko makubwa." Na chini yake: "Shahidi: Fundi Saa."

Fundi Saa hakuwahi kuwapo. Nilimtoa hewani tu, kama mtu anavyotoa kisingizio akichelewa shule. Nilimpa ufundi saa kwa sababu fundi saa hushinda ameinamisha kichwa; nani atajua sura yake?

Shangazi akasoma, akakunja uso. "Fundi Saa yupi?"

"Yule wa kimeza kidogo, karibu na kinyozi."

Akatafuta kichwani mwake. Nilimwona akipita kona zote za mtaa, moja baada ya moja, na hakuna binadamu anayependa kuonekana amesahau, sembuse mwalimu. "Ah," akasema mwishowe. "Wa miwani?"

"Huyohuyo, Shangazi."

Basi nikazimaliza zile nyingine sita siku hiyohiyo. Fundi Saa alikuwa ameona mengi.

Sasa sikiliza maajabu. Habari zikafika kwa kinyozi. "Fundi Saa?" akasema kinyozi, huku amemwachia mteja kichwa nusu. "Si alikuwa jirani ya baba yangu! Mkali kwa watoto, yule!" Mama wa genge akasema alikuwa mrefu, hapendi kelele. Fundi cherehani akasema mfupi, anapiga miluzi kutwa. Wakabishana mbele yangu juu ya urefu wa mtu niliyemzaa mimi mwenyewe kwa kalamu, na nilipojaribu kuwapatanisha nikaambiwa, "Wewe nyamaza, hukuwepo."

Kwa kweli nilijivuna. Watu huzaa watoto wakawalea kwa taabu. Mimi nilizaa mzee, na mtaa ukanilelea.

Alhamisi asubuhi nikamkuta Shangazi anafuta kiti kizuri cha mbao.

"Hiki cha Fundi Saa," akasema. "Mtu aliyetupa ushahidi wa picha saba lazima akae mbele. Jumamosi umlete."

"Amehamia kwa mwanawe, Shangazi. Mbali."

"Nipe namba nimpigie."

Mtu akibanwa ukutani hutoboa popote. "Shangazi," nikasema kwa sauti ya chini, "sikutaka kukuvunja moyo. Mzee hatunaye."

Kitambaa kikamwanguka. "Lini?"

"Juzi. Nilikuwa nimempelekea ile ya saba. Alipomaliza kusimulia akashusha pumzi, akasema, 'Sasa nimemaliza.' Kumbe kweli. Mwanawe akaja akamchukua, wakamzika hukohuko kwao."

Nilidhani nimefunga faili. Shangazi akavua miwani, akajifuta macho, nami nikaanza kujisikia vibaya kidogo. Halafu akasema neno lililonifanya nijisikie vibaya sana.

"Basi picha yake itakuwa ya kwanza mlangoni. Nitafutie."

Nikaenda mbio duka la fotokopi. Binamu alikuwa na boksi la studio ya zamani, lile ambalo mjane wa mpiga picha alilitoa kwa Shangazi; mumewe alikuwa na desturi ya kubaki na nakala moja ya kila picha aliyoipenda. Nikachambua kama mtu anayechambua mchele. Binamu alikuwa ananitazama.

"Unatafuta nini?"

"Marehemu."

Ilibidi nimweleze. Alicheka kwanza, kisha akaacha. "Utaumbuka, na utamwumbua mama. Mwambie ukweli leo."

"Jumamosi jioni nitamwambia. Ofisa akishaondoka."

Nikachomoa moja. Kijana mwenye nywele kama msitu, sharubu zimechongwa, koti la studio, mkono umeshika ile simu isiyo na waya sikioni. Nikamtolea mzaha mmoja mdogo ambao hauna haja ya kurudiwa hapa, nikampa Binamu aikuze. Akaikuza bila kusema kitu. Binamu akinyamaza ujue anahifadhi.

Jumamosi chumba kilipendeza, lazima niseme. Kuta zilikuwa nyeupe, picha zimenyooka, ramani ya penseli ndani ya kioo, tiketi za sinema zimepangwa kwa rangi. Watu walikuja wakawa wanajitafuta ukutani. "Tazama, nyumba yetu kabla ya bati!" "Huyu si wewe?" "Mimi sikuwa na pua hiyo." Mama wa genge alisimama mbele ya kadi ya mwaliko wa harusi yake akaisoma yote kwa sauti, hadi jina la mchapishaji.

Na mlangoni, fremu ya kwanza, kijana wa sharubu na simu. "Marehemu Fundi Saa, shahidi wa mtaa, enzi za ujana wake." Kila mzee aliyeingia alisimama hapo akatikisa kichwa. "Ndiye," akasema kinyozi. "Macho yaleyale." Mama wa genge na fundi cherehani wakaafikiana kwamba kwenye picha haonekani urefu, yakaisha.

Ofisa akafika, mama mmoja mwenye mkoba mzito na uso usiopenda utani. Mwenye Viti akawa nyuma yake hatua kwa hatua, macho yake yanapima kuta: hapa vitakaa virefu, hapa vya watoto.

"Nitajuaje kama haya ni kweli?" akauliza ofisa.

Shangazi akamweleza sheria yake, kidole kwenye maelezo, kidole kwenye shahidi. Ofisa akarudi kwenye fremu ya mlangoni. "Huyu ndiye aliyetoa ushahidi wa picha saba?"

Mwenye Viti hakutaka kuachwa nyuma mbele ya mkubwa. "Namkumbuka sana huyo, mheshimiwa! Ndiye aliyeitengeneza saa ya baba yangu. Mkono mwepesi, sijaona mfano."

"Vizuri," akasema ofisa, akaandika kitu. Nikaanza kupumua.

"Hodi humu!"

Alikuwa Babu, baba yake mama yangu. Siku zote hizo alikuwa kwa mama mdogo, mji mwingine, na alikuwa ameshuka basi asubuhi hiyohiyo, mkoba bado begani. Babu yangu nimjuaye mimi ni upara unaong'aa, meno mawili ya mbele yaliyogoma kung'oka, na fulana nyeupe. Shangazi pia amemjua akiwa hivyohivyo. Walikutana siku ya harusi ya wazazi wangu, na upara ulikuwa umeshatangulia ukumbini.

"Shikamoo, Babu," nikasema.

Hakuitikia. Alikuwa amesimama mbele ya fremu ya mlangoni. Akaisogelea. Akarudi nyuma. Akasoma maelezo polepole, midomo inacheza.

"Marehemu huyu," akauliza, "kafa lini?"

"Wiki hii, mzee wangu," Shangazi akajibu kwa unyenyekevu.

"Kafa na nini?"

Wote wakanitazama mimi. "Uzee, Babu."

"Uzee." Akatikisa kichwa. "Na mbona bado ana njaa? Tangu alipopanda basi hajala."

Babu akainua mkono wake wa kulia, akauweka sikioni kama anayeshika simu. Kidole chake kidogo, kilichovunjika siku za mpira kikaunga vibaya, kilikuwa kimekaa pembeni kama ndoano. Macho ya watu yakatoka kwenye kidole cha Babu yakaenda kwenye fremu. Kidole kidogo cha marehemu kilikuwa kimekaa pembeni kama ndoano.

"Nilikuwa nampigia bibi yako," Babu akaniambia. "Simu haikuwa na waya, lakini alisikia. Tulioana mwezi uliofuata."

Kinyozi akakumbuka ana mteja. Mama wa genge akaanza tena kusoma kadi yake ya harusi. Mwenye Viti ndiye aliyeruka. "Mheshimiwa, umeona mwenyewe! Uongo mtupu! Hakuna Fundi Saa wala nini! Chumba kizima ni cha kutunga!"

Nilimtazama Shangazi. Kidole chake kilikuwa bado kwenye ukuta, pale pale palipoandikwa shahidi, na sijawahi kumwona amesimama mdogo vile. Miezi yake yote ya kubisha hodi ilikuwa inaondoka kwa mlango uleule alioingilia Babu. Halafu akajinyoosha, akamgeukia Mwenye Viti kwa ile sauti ya darasani.

"Na saa ya baba yako, ilitengenezwa na nani?"

Mwenye Viti akatazama dari, labda saa ilikuwa huko.

Ofisa hakucheka, ila kona ya mdomo ilimsaliti. Akamshika Babu mkono, akampeleka kwenye picha ya kitanda. "Mzee, na hii? Imeandikwa mafuriko makubwa."

"Mafuriko?" Babu akainama, halafu akaanza kucheka, na nikaiona: kile kicheko, ule uso uliogeuka pembeni. "Jua lilikuwa linachoma siku hiyo! Bomba kubwa lilipasuka pale kona. Seremala aliapa hakai na kitanda cha watu hata siku moja zaidi, na mimi harusi i karibu. Basi tukakibeba hivyohivyo. Huyu nyuma ni kaka yangu. Huyu ni seremala mwenyewe, kanuna, mwone. Huyu sijui, alikuwa anapita tu, akasaidia. Na huyu mjinga anayecheka ni mimi." Akanigeukia. "Mama yako kazaliwa juu ya kitanda hicho. Na wewe ulikikojolea mpaka tukabadilisha godoro."

Sasa chumba kizima kikacheka, hata ofisa. Hata seremala wa kwenye picha nilimwona kama amelegea kidogo. Mafuriko yangu makubwa, niliyoyaandika kwa mwandiko mzuri, yalikuwa maji ya kunawia miguu mbele ya hadithi ya kweli.

Ofisa akafunga mkoba wake. "Nimeona maonyesho mengi," akasema, "lakini hapa ni mara ya kwanza marehemu kuja kusahihisha. Sheria yako, mwalimu, inafanya kazi. Uongo umepanda ukutani asubuhi na shahidi ameushusha kabla ya mchana. Zile sita nyingine zishuke zisubiri mtu mwenye pumzi. Chumba ni chenu."

Watu wakapiga makofi. Mwenye Viti naye akapiga, polepole, kisha akaombwa, kwa kuwa yupo, alete viti wazee wakae. Akavileta.

Mimi nilikuwa nimeshaukaribia mlango.

"Wewe!" Shangazi akaita. "Rudi hapa."

Nikarudi. Ulimi wangu, Mungu aubariki, haujawahi kuniacha peke yangu. "Shangazi, mbona mna haraka? Mimi nilijua tangu mwanzo. Huyu si babu yangu? Babu na mjukuu ni utani. Nilimweka mlangoni makusudi, akitoka safari ajikute anajilaki mwenyewe. Mshangao wa Babu, basi!"

Babu akanitazama. Uso wake ukafunguka wote, meno mawili yakatoka nje kushuhudia. "Kumbe ulinitambua, mjukuu wangu? Na nywele zile, na sharubu zile?"

"Babu! Damu nzito kuliko maji. Nilikuona tu moyo ukapiga."

Akafungua mikono anikumbatie. Shangazi alikuwa anashusha pumzi. Nadhani alitaka kuniamini, na nusu yake ilikuwa imeshaniamini. Nikaegemea bega la mzee kama mtoto mwema.

"Mama," ikasikika sauti ya Binamu kutoka pembeni, alikokuwa ametulia na gundi na mkasi wake asubuhi nzima. "Kila maelezo lazima yawe na shahidi aliye hai, aliyeona na kusikia mwenyewe. Si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Basi mimi nilikuwepo. Alhamisi, kwenye mashine yangu, alichambua boksi zima, akachomoa hii, akasema: 'Kuza huyu. Ana sura ya mwizi wa kuku, lakini koti litamsitiri.'"

Mikono ya Babu ikabaki hewani. Akaitazama picha, akajishika kidevu, akanitazama mimi.

Shangazi akashusha fremu ya mlangoni, akaigeuza, akachomoa karatasi ya maelezo yangu. Kisha akatoa kalamu. Nikanyoosha mkono kuipokea, kwa mazoea. Akaipitisha juu ya mkono wangu, akampa Binamu.

"Andika alichosema, neno kwa neno," akasema. "Na chini yake ujiweke wewe, shahidi."